Mwizi Aliyetia Mafuta Bawaba

Breki akileta habari huwa hasalimii. Asubuhi hiyo aliegesha pikipiki yake ya mizigo karibu itukanyage vidole, akashuka kabla haijazima, akapaza sauti kama anayetangaza mpira.

"Nyumbani kwa Dada Pindo kumeingia mwizi!"

Tulikuwa palepale tunapokuwa siku zote, kwenye benchi la Gundi, fundi viatu, ubavuni mwa chumba changu cha kupiga pasi nguo za watu. Mimi ndiye Pasi. Pembeni yangu alikaa Mzee Rufaa, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hata chai ikiletwa baridi anataka kukata rufaa. Mwisho kabisa wa benchi, kwa nusu ya tako, kana kwamba ameazimwa hiyo nafasi, alikaa Samahani, fundi wa vitasa.

"Kaiba nini?" Gundi akauliza, misumari midogo ikiwa imemjaa mdomoni.

"Hapo ndipo pa kuzimia. Hakuiba kitu!"

"Basi si mwizi," akasema Mzee Rufaa. "Mwizi bila kilichoibiwa ni mgeni."

"Mzee, tulia unisikilize. Dada Pindo jana kafunga mlango, kapeleka nguo za mteja. Karudi alasiri, anakuta mlango umerudishiwa tu. Anausukuma, kimya! Ule mlango wake uliokuwa unalia mpaka mtaa wa pili, kimya. Anatia ufunguo, unazunguka wenyewe. Kile kitasa kilichomtesa muda wote kimetengenezwa. Bawaba zimetiwa mafuta. Vumbi la chuma limefagiliwa."

"Mwizi kafagia?"

"Na ufagio kaurudisha nyuma ya mlango, kichwa juu."

Gundi akatema misumari yote kiganjani. "Huyo mwizi anapatikana wapi? Mlango wangu wa uani haufungi tangu nihamie."

"Acha mchezo, Gundi. Dada wa watu kasikia kishindo jikoni, masufuria yanaanguka, mtu anaruka dirishani. Ungekuwa wewe ungelala?"

"Mimi ningemkimbiza nimwombe namba ya simu."

Tukacheka, isipokuwa Samahani. Lakini hilo halikunishtua, kwa sababu Samahani hucheka baada ya wenzake kumaliza, peke yake, halafu anaomba radhi. Huyu ndiye mtu aliyewahi kunyolewa mara mbili asubuhi moja, kwa vile kinyozi alimwambia "haya, zamu yako" akaona aibu kusema ameshanyolewa. Huyu ndiye aliyedungwa sindano ya mgonjwa mwingine zahanati, maana muuguzi aliita jina la mtu akawa anamtazama yeye. Tulimwuliza kwa nini hakukataa. Akajibu kwamba muuguzi alikuwa ameshashika pamba.

"Sasa sikieni kubwa kuliko yote," Breki akaendelea. "Kaka yake Dada Pindo, yule afande wa magereza, kaja na pikapu tangu alfajiri. Anamhamisha! Anasema mtaa huu haukaliki kwa mwanamke anayeishi peke yake. Wanapakia sasa hivi."

Kikombe cha Samahani kikainama. Chai yote ikamwagika pajani kwake, naye akakaa vilevile, hata hakuipangusa.

"Anahama?" akauliza. "Leo?"

"Leo hii. Kabati limeshapanda garini."

Hapa lazima niwaambie jambo ambalo mtaa mzima tulilijua, na tuliamini Dada Pindo peke yake ndiye asiyelijua. Dada Pindo ni fundi cherehani. Samahani alimpenda, akampenda vibaya sana, lakini kila akisimama mbele yake alikuwa na sentensi moja tu ya kusema: "Naomba unipunguzie pindo kidogo." Basi akawa anapeleka suruali. Akirudishiwa, siku chache baadaye anaipeleka ileile, ipunguzwe tena. Suruali zake zote sasa ziliishia katikati ya miundi, na mtu mzima alitembea mjini kama anayejiandaa kuvuka mto.

Ndiyo maana niliiona ile miguu yake vizuri asubuhi hiyo. Alikuwa amevaa ndala, moja ya bluu, moja nyekundu, zote za mguu wa kushoto.

"Samahani," nikamwambia, "viatu vyako viko wapi?"

"Vinapumzika."

"Eh, viatu!" Breki akapiga paja. "Nusura nisahau. Mwizi kaacha viatu! Kavivua mlangoni, kavipanga vizuri pembeni, soksi kazikunja ndani."

"Mwizi gani anavua viatu?" akauliza Gundi.

Macho yalitoka usoni kwa Breki, yakashuka taratibu, yakakutana kwenye zile ndala mbili za kushoto. Samahani akazivuta chini ya benchi, lakini ndala nyekundu ilikataa, ikabaki nje.

"Ee Mungu wangu," akasema Mzee Rufaa. "Mshtakiwa tunakunywa naye chai."

"Sikuiba," Samahani akasema.

"Hilo tunalijua, kijana. Ulifagia. Hebu tueleze. Ulikwenda kufanya nini?"

"Kutengeneza kitasa. Aliniambia mwenyewe, wiki iliyopita, nilipopeleka suruali. Alisema, 'Fundi, siku yoyote ukipita, mlango wangu unanisumbua.' Nikapita."

"Vizuri. Ukabisha hodi?"

"Nilitaka kubisha."

"Ulibisha au hukubisha?"

"Nilisimama, mzee. Nikawa najaribu kwanza moyoni. Nikasema 'hodi', nikaiona kavu. Nikasema 'hodi hodi', nikaona kama namharakisha mtu. Nikasema 'hodi wenyewe', nikakumbuka anaishi peke yake, ataona namsimanga. Jirani akapita na ndoo ya maji akaniuliza, 'Kaka, mbona umesimama mlangoni kwa watu?' Nikaona aibu. Nikatoa bisibisi ili nionekane nafanya kazi."

"Badala ya kugonga mlango ukauvunja!"

"Sikuvunja!" Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akipandisha sauti. "Nilifungua. Mimi sivunji. Sasa kikawa kimefunguka, mlango wazi, mimi nje. Nikaona si vizuri kuacha mlango wa mtu wazi. Nikavua viatu, nikaingia, nikaufunga."

Mzee Rufaa alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ukaingia. Ukaufunga. Ukiwa ndani."

"Ndiyo. Halafu ndiyo nikawa ndani."

"Na usitoke!"

"Kitasa kilikuwa kibovu, mzee. Ningekiachaje?"

Gundi alikuwa ameziba uso kwa kiatu cha mteja, mabega yanatikisika. Breki alikuwa ameshaketi chini.

"Haya," nikasema mimi, "na aliporudi? Si ungemwambia tu, 'Dada, nimekuja kutengeneza'?"

"Nilimsikia nje anaongea na jirani. Nikajipanga. Nikasema safari hii sikosei, akifungua tu namwambia 'karibu'. Halafu nikakumbuka ni kwake." Akainamisha kichwa. "Nikaruka dirishani."

"Na hizo ndala?"

"Nilizikanyaga uani kwa jirani wakati nakimbia. Nitazirudisha. Sijui nitaanzaje."

Tulicheka mpaka nikasikia harufu, nikakumbuka pasi ya mkaa niliyoiacha juu ya shati la mwalimu. Nilipotoka tena, shati mkononi likiwa na dirisha jipya mgongoni, kicheko kilikuwa kimekwisha na Gundi alikuwa anasema kwa upole.

"Nenda ukamwambie, ndugu yangu. Hivyohivyo ulivyotuambia sisi."

"Ataniona kichaa."

"Usipomwambia anaondoka."

"Kimbia," akashauri Breki. "Afande ana mikono mipana. Nimemwona kabeba friji kama mtu anabeba mtoto."

"Hakuna kukimbia," akasema Mzee Rufaa. "Kukimbia ni kukiri. Tulieni. Viatu havina jina. Nani atajua ni vya nani?"

Ndipo tukamwona Afande anakuja, na viatu amevining'iniza kwa kamba kwenye kidole kimoja.

"Shikamoo, mzee," akamwambia Mzee Rufaa. "Wakubwa, habari za hapa? Fundi viatu ni nani?"

Gundi akainua mkono polepole.

"Kaka, viatu hivi vimekutwa kwa mdogo wangu. Nimeambiwa mtaa mzima unatengeneza kwako. Ni vya nani?"

Gundi akavipokea, akavigeuza, akavitazama soli. Namjua Gundi tangu zamani na sijawahi kumwona anadanganya vizuri, lakini siku hiyo alijitahidi.

"Viatu kama hivi viko vingi, afande. Siwezi kusema."

"Viko vingi? Vilivyoshonwa ovyo namna hii?"

"Ovyo?"

"Tazama mwenyewe. Aliyeshona soli hii alikuwa amelewa."

"Gundi," Breki akanong'ona, "nyamaza, kaka."

"Uzi umepinda, gundi imevuja pembeni," Afande akaendelea. "Kule kazini nina wafungwa wanaojifunza ushonaji. Ndiyo kwanza wameanza, na hawashoni takataka kama hii."

Nikaona mshipa wa shingo wa Gundi unasimama. Mzee Rufaa akamwekea mkono begani. Haikusaidia.

"Wafungwa?" Gundi akasimama, kiatu kimoja juu. "Wafungwa wako? Uzi huu nimeupaka nta kwa mkono wangu mwenyewe! Vuta! Vuta uone kama utakatika! Umepinda? Nimeupinda makusudi, kwa sababu yule hatembei kama watu! Anatembea kwa kingo, anakwepa kusalimiana, soli inalika upande mmoja! Nikaishona mara mbili palepale! Takataka? Takataka!"

Gundi alibaki na kiatu juu, akakishusha pole pole, akakitazama kama kimemsaliti.

"Yule nani?" akauliza Afande.

Hakuna aliyetazama popote. Mimi nilikuwa nakagua shati la mwalimu, mahali lilipoungua.

"Ni vyangu," akasema Samahani.

Alikuwa amesimama. Kwa ufupi wa suruali yake miundi tuliiona nusu nzima, lakini alikuwa amesimama, na sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile.

Afande akamtazama kuanzia juu. Alipofika kwenye pindo la suruali akasita.

"Suruali hiyo ya kijivu," akasema taratibu. "Una na ya kahawia?"

"Ninayo."

"Na ya bluu yenye mistari?"

"Ndiyo, afande."

"Dada yangu ana mto mmoja wa kuegemea. Wa viraka. Vitambaa vyembamba vyembamba, vya kijivu, vya kahawia, vya bluu yenye mistari. Tumepakia nyumba nzima, mto ule kakataa tusiuguse. Kaukumbatia tu."

Samahani hakuelewa. Sisi tulielewa wote kwa pamoja, na Breki akanifinya mpaka nikaruka.

"Haidhuru," Afande akajikaza. "Umeingia nyumba ya mtu bila ruhusa. Twende kituoni."

"Pingamizi!" Mzee Rufaa naye akainuka, na nadhani alikuwa ameingoja siku hiyo tangu astaafu. "Aliyeingiliwa nyumba ni nani? Ni wewe? Si wewe. Mpeleke mbele ya mwenye mlango. Akimkana, mchukue, hata mimi nitakusindikiza. Akimkaribisha, hakuna kesi."

Afande akafikiri. "Sawa. Lakini atabisha hodi yeye mwenyewe, mbele yangu. Asipokaribishwa, leo analala kwangu kazini."

"Ningependa kituoni," akasema Samahani.

Tukamsukuma.

Mlango wa Dada Pindo ulikuwa umefungwa. Pikapu ilikuwa imejaa nje, kabati limelala chali, cherehani imefungwa kamba. Afande akaviweka viatu kizingitini akakunja mikono. Sisi tukajipanga ukutani.

Samahani akausogelea mlango. Akasimama. Mkono wake ukaenda wenyewe mfukoni, ukatoka na bisibisi.

"Weee!" tukapiga kelele wote.

Afande akamnyang'anya. Samahani akakohoa, akainua ngumi, akaishusha. Akaangalia kulia na kushoto kama anayevuka barabara. Halafu akagonga ukuta.

"Mlango," nikamnong'oneza. "Gonga mlango, bwana."

Akagonga mlango, taratibu, kama anamwamsha mtoto. "Hodi."

"Nani?" ikauliza sauti ya Dada Pindo ndani.

Akatugeukia. Jina lake halisi hakuna aliyekuwa analitumia, na jina la utani aliona aibu kulitaja yeye mwenyewe. Afande alikuwa nyuma yake. Akakata shauri kusema ukweli.

"Mwizi."

Afande akafumba macho. Ndani tukasikia kiti kinasogezwa.

"Wa jana, au mwingine?"

"Wa jana."

"Umefuata nini?"

Akafikiri sana. "Viatu."

"Viatu tu?"

Breki alikuwa anauma kola ya shati lake. Mzee Rufaa alikuwa anamwashiria kwa mikono yote miwili, endelea, endelea. Samahani akauegemeza mlango paji la uso.

"Na usihame," akasema. "Nakuomba. Suruali zimekwisha."

Kitasa kikazunguka bila sauti. Mlango ukafunguka, haukulia hata kidogo, na Dada Pindo akatokea, utepe wa kupimia shingoni, ule mto wa viraka kwapani.

"Unasikia?" akamwambia kaka yake. "Hauna kelele kabisa. Usiku kucha naufungua na kuufunga."

"Mdogo wangu! Si uliniambia hukulala kwa hofu?"

"Nani alitaja hofu? Nilikupigia simu nikuambie mtu kaja kwangu, kanitengenezea mlango, kaacha viatu. Nilipofika pale aliporuka dirishani ukakata simu, ukaja na gari. Umeshawahi kuningoja nimalize, kaka?"

Afande akaenda kuishika kamba ya cherehani, akaanza kuifungua.

"Na wewe," Dada Pindo akamgeukia Samahani. Sauti ilikuwa kali, macho hayakuwa makali. "Wiki nzima nakusubiri. Mlango wa jikoni nao unakwaruza. Karibu."

"Asante," akajibu Samahani. "Karibu na wewe."

"Nitakaribia," akasema Dada Pindo, akaingia nyumbani kwake.

Yaliyofuata si ya kusimulia, maana ni mizigo tu. Afande alituona tumesimama bure akatuamuru turudishe vitu ndani. Mimi na Gundi tulibeba kabati, na Gundi njia nzima alikuwa anamwuliza Afande kama amekiangalia vizuri kiatu, uzi umepinda wapi, amwonyeshe. Mzee Rufaa alibeba sufuria moja na kutoa maelekezo.

Alasiri tulikuwa tena kwenye benchi. Afande alikuwa ameshaondoka na pikapu yake tupu. Ndala mbili za kushoto Breki alikuwa amezirudisha kwa jirani, akatukanwa kwa niaba.

"Mpaka sasa hajatoka," akasema Breki. "Mnafikiri wanaongea nini?"

"Yeye haongei," nikasema. "Mlango wa jikoni unaongea."

"Mimi nasema ameshaposa," akasema Gundi.

"Kuposa?" Mzee Rufaa akacheka. "Yule? Posa yake tutaisikia mahakama ya rufaa."

Kabla hatujaelewana, Samahani akachomoza kwa uchochoro wa nyuma. Alikuwa pekupeku, anahema, ana majani kichwani. Akaketi pale pale mwisho wa benchi, kwa nusu ya tako.

"Vipi?" tukauliza pamoja.

"Vizuri," akasema, na uso wake wote ulikuwa unang'aa. "Vizuri sana. Tumekunywa chai. Ameniuliza jina langu, nikamtajia. Kesho ananipima suruali mpya. Ndefu."

"Hongera, ndugu yangu! Sasa mbona umetokea huko nyuma?"

Akainama.

"Sikujua jinsi ya kuaga."

Kabla hatujacheka, Dada Pindo alikuwa ameshafika mbele yetu. Hakumtazama Samahani hata kidogo. Alimsemesha Gundi.

"Fundi, mwambie rafiki yako viatu vyake bado viko mlangoni kwangu. Vinamngoja kesho. Aingilie mlangoni, na atokee mlangoni." Akanyoosha mkono. "Na wewe niazime nyundo na misumari. Lile dirisha la jikoni nalifunga sasa hivi."

Gundi akaanza kuipapasa nyundo chini ya meza. Lakini aliyeiona kwanza, akaiokota, akasimama, akamkabidhi Dada Pindo kwa mikono miwili, alikuwa Samahani.